Hakimiliki Isiyo na Mrabaha: Uhakiki wa Maneno ya Sheria za Ardhi na Madini katika Tanzania

Sheria ni maandishi kama yalivyo maandishi mengine. Ina mtungaji, ina msomaji, ina maneno yaliyochaguliwa na maneno yaliyoachwa. Walakini wahakiki wa Kiswahili, walio wepesi wa kupima vina na mizani ya shairi au tabia za wahusika wa hadithi, wameiacha sheria mikononi mwa wanasheria peke yao, kana kwamba lugha yake haina siri kuliko tarakimu za hesabu. Jambo hilo lilikuwa na udhuru zamani, sheria za nchi zilipokuwa zikitungwa kwa Kiingereza na Kiswahili kikija nyuma kama mkalimani. Udhuru huo umekwisha. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, nazo zilifasiriwa kwa Kiswahili zipate kusomwa vijijini. Mwaka 2021 Bunge hilohilo lilirekebisha sheria ihusuyo tafsiri ya sheria, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria za nchi. Tangu hapo neno la Kiswahili si kivuli tena cha neno la Kiingereza. Ni neno ambalo haki ya mtu yaweza kusimama au kuanguka juu yake.

Maneno yapimwayo hapa si mengi: ardhi, hakimiliki, mdhamini, fidia na mwenyeji, pamoja na machache yaliyozaliwa machimboni na katika mikutano ya vijiji. Yote hukutana mahali pamoja, nako ni kijijini ambako dhahabu, almasi au madini mengine yamegunduliwa chini ya mashamba ya watu. Swali la uhakiki huu ni moja. Mwanakijiji wa Tanzania Bara asomapo maneno hayo, je, husoma kile ambacho sheria yasema?

ARDHI

Katika Kiswahili cha kila siku ardhi haina sakafu. Neno lenyewe ni la asili ya Kiarabu, nalo lilipoingia katika Kiswahili lilikuta neno kongwe la Kibantu, nchi, likakaa nalo kwa wema, kila moja likishika sehemu yake ya maana. Nchi ikaelekea kwenye mamlaka na mipaka. Ardhi ikaelekea kwenye udongo ulimwao na ukanyagwao. Lakini udongo huo ni udongo mpaka chini. Mtu achimbaye kisima katika shamba lake hasemi kwamba ametoka katika shamba lake kwa sababu amefika pima kumi. Amezikwa babu yake humo, na kaburi lake limo ndani ya ardhi, wala haliko juu yake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yakubali jambo hilo, kisha yalikana papo hapo. Katika ufafanuzi wake ardhi ni uso wa nchi, na udongo ulio chini ya uso huo, na vitu vyote vilivyomo, na mimea iotayo, na majengo yaliyojengwa juu yake kwa kudumu; isipokuwa madini na mafuta. Uzito wote wa ufafanuzi huu umo katika neno moja, isipokuwa. Kitu kilichotolewa hakiko kando ya ardhi kama mto ulivyo kando ya shamba. Kimo ndani yake, kimeshikana nayo, wala hakiwezi kufikiwa bila ya kuifumua. Ni kama kusema kwamba nazi ni kumbi, kifuu na maji, isipokuwa nyama yake.

Utengano huo haukuzuliwa na watungaji wa mwaka 1999. Amri ya Wajerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 ilikwisha kutangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe, kwa macho ya serikali yao, ni ya Dola. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliita ardhi yote ya Tanganyika ardhi ya umma, na marekebisho ya mwaka 1928 yakaongeza kwamba jamii za wenyeji zikaazo kwa mila zao nazo huhesabiwa kuwa na haki ya ukaaji. Almasi ilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940, msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa: aliye juu ana haki ya kukaa, na kilicho chini kina mwenyewe mwingine. Uhuru haukuuvunja msingi huo. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipotaja njia kuu za uchumi, liliiweka ardhi na madini katika orodha moja, lakini kama vitu viwili.

Yapasa kuutendea haki upande wa pili. Dhahabu haikugawiwa sawasawa chini ya mashamba ya watu. Kama kila mtu angemiliki kilicho chini ya jembe lake, kijiji kimoja cha Geita kingetajirika kwa bahati, na mkoa mzima wa kusini usipate kitu. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1958 juu ya mali ya taifa, alihofu kwamba ardhi ikifanywa bidhaa ya kuuzwa, wenye fedha wataichukua na wenyeji watakuwa wapangaji katika nchi yao. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na umiliki wa madini kwa jina la taifa zima ni mojawapo ya njia za kuitibu. Basi lawama ya uhakiki huu haiko katika kanuni kwamba madini ni ya wote. Iko katika lugha iliyotumika kumwambia mwanakijiji habari hiyo. Na lugha hiyo, kama itakavyoonekana, haikumwambia.

HAKIMILIKI

Neno lililo zito kuliko yote ni hakimiliki. Katika Kiingereza cha sheria za Tanzania, tangu mwaka 1923 hadi leo, mtu hapewi umiliki wa ardhi; hupewa haki ya kuikalia. Neno la Kiingereza ni la kiasi, nalo lasema wazi kwamba aliyepewa ni mkaaji. Wafasiri wa Kiswahili hawakulifuata. Walichukua haki, wakaiunga na miliki, likazaliwa neno hakimiliki. Na cheti apewacho mwanakijiji kikaitwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Katika sherehe za vijijini hati hizo hutolewa kwa mkono wa viongozi, na mtu huipokea kwa mikono miwili, akaenda kuihifadhi ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo au vya ndoa. Nani atamlaumu akiamini kwamba amepewa milki? Neno lenyewe lamwambia hivyo.

Sheria ya Madini, kwa upande wake, humtaja mtu huyohuyo kuwa mkaaji halali wa ardhi. Hivyo katika kitabu kimoja cha sheria, kwa Kiswahili chake, yeye ni mmiliki. Katika kitabu cha pili, kwa Kiingereza chake, yeye ni mkaaji. Siku mwenye leseni ya madini ajapo na karatasi yake, vitabu hivyo viwili hukutana shambani, na kinachoshinda ni cha pili. Mwanakijiji huona kwamba amedhulumiwa na watu. Kwa hakika amedhulumiwa kwanza na tafsiri.

Ajabu ya neno hili huonekana zaidi likitazamwa katika kazi yake nyingine. Hakimiliki ndilo neno litumiwalo pia kwa haki ya mtunzi juu ya kitabu chake. Mtunzi mwenye hakimiliki, kitabu chake kikichapishwa na mwingine, hulipwa mrabaha, neno lenye mzizi wa Kiarabu wa maana ya faida. Sasa katika madini mrabaha upo pia. Kwa dhahabu ulikuwa asilimia 4 katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010, ukapandishwa hadi asilimia 6 mwaka 2017. Lakini mrabaha huo hulipwa kwa Serikali, si kwa mwenye hakimiliki ya ardhi. Basi Kiswahili kimefika mahali ambapo maneno mawili yaliyo ndugu katika vitabu yametenganishwa katika mashamba: mwenye hakimiliki ya karatasi zilizoandikwa hupata mrabaha, mwenye hakimiliki ya ardhi aliyozikia babu zake hana. Mwanafunzi wa lugha angeliita jambo hili kutoafikiana kwa istilahi. Mkulima hulipa jina fupi zaidi.

Yaweza kujibiwa kwamba neno hakimiliki lilichaguliwa kwa nia njema, ili mwanakijiji ajione ana nguvu mbele ya watakao kumwondoa, na kwamba neno la kiasi, kama haki ya ukaaji, lingemshusha. Jibu hilo lina kweli ndani yake, na mahakama yenyewe imelitia nguvu. Mwezi wa Desemba 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe, lililohusu ardhi ya urithi wa mila, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikataa hoja kwamba mwenye ardhi ya mila hana mali ya kulindwa na Katiba. Iliona kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, watu wengi wa nchi watakuwa kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Ikaamua kwamba haki ya mila ni mali, na kwamba haichukuliwi bila ya fidia ya haki. Hukumu hiyo haikuwa juu ya madini, na haikuligusa tabaka la chini. Lakini yaonyesha kwamba neno milki likiwekewa ukuta wa sheria nyuma yake, laweza kusimama. Upungufu wa hakimiliki ni kwamba ukuta huo wafika usoni mwa nchi tu.

MDHAMINI NA AMANA

Sheria zote mbili za mwaka 1999 huanza kwa kanuni moja: ardhi yote ni ya umma, na Rais huishika akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mwaka 2017 maneno ya namna hiyohiyo yaliingizwa katika sheria za madini na maliasili, ili kuimarisha mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri wake. Asili ya fikra hiyo yajulikana. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, tarehe 14 Desemba 1962, lilipitisha azimio namba 1803 juu ya mamlaka ya kudumu juu ya maliasili, ambalo mataifa machanga yalilishika kama ngao mbele ya makampuni ya nchi zilizowatawala. Azimio hilo liliitoa haki hiyo kwa watu na kwa mataifa pamoja. Lilipofika katika sheria za nchi nyingi, taifa lilibaki na watu wakafifia.

Neno mdhamini ladai uangalifu. Mdhamini katika mazoea ya Kiswahili ni mtu asimamaye badala ya mwingine; aliyemtoa mwenziwe rumande, au aliyeahidi kulipa deni la jirani asipolipa. Hatari iko kwake. Kama mdaiwa akitoroka, mdhamini ndiye alipaye. Sheria yatumia neno hilo kwa maana nyingine: yeye ashikaye mali ya watu kwa ajili yao. Kwa maana hiyo Kiswahili kilikuwa na neno la kale na zuri zaidi, amana. Aliyewekewa amana huitunza, wala haitumii kwa shauri lake, na mwenyewe aitakapo humrudishia. Hakuna msemaji wa Kiswahili asiyejua fedheha ya kula amana. Kama sheria ingalisema kwamba ardhi ni amana ya wananchi mikononi mwa Rais, kila mkutano wa kijiji ungalijua swali la kuuliza. Neno mdhamini halileti swali hilo mdomoni.

Swali lenyewe lilikwisha kuulizwa na watu wazito. Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji na kuundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza wananchi, ikatoa taarifa yake mwaka 1992. Ilipendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yasiwe mikononi mwa Rais, na kwamba mikutano ya vijiji ipewe nguvu juu ya ardhi ya vijiji. Serikali haikukubali shauri hilo la kwanza. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria za mwaka 1999 zikafuata njia ya udhamini.

Matokeo yake huonekana katika vifungu viwili. Cha kwanza ni kile kisemacho kwamba ardhi ya kijiji yaweza kuhamishwa iwe ya jumla kwa manufaa ya umma, na kwamba uwekezaji wenye manufaa kwa taifa huhesabiwa kuwa manufaa ya umma. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio ukubalio au ukataao. Likizidi hapo, Waziri ndiye aamuaye, baada ya kuyapima maoni ya kijiji. Mgodi mkubwa na mashimo yake, vifusi vyake na mabwawa yake ya maji machafu hautoshei katika kipimo cha mkutano wa kijiji. Basi kadiri kijiji kinavyopoteza kingi, ndivyo neno lake linavyokuwa dogo.

Kifungu cha pili chafaa zaidi kwa mwanafunzi wa lugha. Sheria ya Ardhi yasema kwamba ardhi ya jumla ni ardhi yote ya umma isiyokuwa ya hifadhi wala ya kijiji, kisha yaongeza kuwa imo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyopitishwa mwaka uleule na Bunge lilelile, haina nyongeza hiyo. Neno moja, tafsiri mbili. Na ni nani apimaye kutumika? Mfugaji huliacha bonde wakati wa mvua ili majani yakue, apate mahali pa kulisha kiangazi. Mkulima wa Usukumani huliacha shamba lipumzike. Mwindaji na mrina asali hawaachi alama ya jembe. Kwa Kiswahili cha mfugaji, bonde lile latumika kwa kuachwa. Kwa Kiswahili cha mpimaji, halitumiki. Hasara ya tofauti hiyo haimpati mpimaji.

FIDIA, KUPISHA, NA KUTEGESHA

Fidia ni neno lenye historia ndefu katika dini. Mwislamu aliyeshindwa kufunga kwa udhuru hutoa fidia. Katika mafundisho ya Kikristo fidia ni gharama ya kumkomboa aliyefungwa. Katika matumizi yote mawili mlipaji wa fidia hupata kitu: husamehewa au hukombolewa. Katika sheria za ardhi mambo yamegeuka. Anayelipa fidia huchukua, na anayelipwa huondoka. Fidia haimkomboi mwenye shamba. Yalikomboa shamba kutoka kwake.

Na ni nini kilipwacho? Kanuni za mwaka 2001 zataja thamani ya maendelezo yaliyofanywa juu ya ardhi, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea. Hesabu hiyo ni bora kuliko ile ya zamani, ambayo ilihesabu miti na kuta tu. Hata hivyo yote ni mambo ya juu ya ardhi. Mnazi una bei, mwembe una bei, kaburi lina gharama ya kuhamishwa. Madini, yaliyosababisha kuondoka kwenyewe, hayamo katika hesabu, kwa sababu neno isipokuwa lilikwisha kuyatoa. Ardhi yenye dhahabu na ardhi isiyo nayo, kwa mwenye kuondolewa, huelekea kuwa na bei moja.

Hapo ndipo lugha ya watu ilipojibu lugha ya sheria. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, limezaliwa neno tegesha. Kutegesha ni kupanda mazao au kuinua nyumba za haraka katika eneo litarajiwalo kuchukuliwa, ili ziingie katika tathmini. Maofisa hulitaja neno hilo kwa dharau, kama jina la udanganyifu, na pengine ndivyo lilivyo. Lakini muundo wake wafaa kutazamwa. Tega ni kuweka mtego. Na kiambishi cha kusababisha humfanya mtu akitegeshe kitu, akiweke sawasawa mahali kitakaponaswa au kitakaponasa. Msemaji wa Nyamongo amefahamu vema kwamba sheria huona kilicho juu tu. Basi amejaza juu. Tegesha ni uhakiki wa kifungu cha fidia uliotungwa na watu wasiokisoma, nao umegusa penye kasoro kwa usahihi kuliko makala nyingi.

Kinyume cha tegesha ni neno la maofisa, kupisha. Magazeti na taarifa za miradi huandika kwamba wananchi wamepisha mgodi, au wamepisha bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani, Tanga, umbali wa kilometa 1,443. Kupisha ni adabu. Mtu humpisha mzee njiani au mwenye mzigo mlangoni, akasogea kando. Yule akiisha kupita, mpishaji hurudi mahali pake. Kwa bomba lifukiwalo adabu hiyo yaweza kuwa na maana kidogo, maana baadhi ya ardhi hurudia matumizi fulani. Kwa mgodi wa shimo la wazi hakuna kurudi. Mgodi haupiti, hukaa, na ukiondoka huacha shimo. Kumwita aliyehamishwa mpishaji ni kuifanya hasara yake kuwa heshima yake, na kumnyima neno la kulalamikia.

Kadhalika kushirikishwa. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Kushirikishwa ni kufanywa ashiriki, na katika hali hiyo ya kutendwa hakuna tena mahali pa mtu kukataa. Taarifa isemayo kwamba wanakijiji walishirikishwa ni kweli hata kama wote walisema hapana. Ridhaa ni neno jingine kabisa, nalo huonekana kwa nadra mno katika taarifa hizo.

Mwisho wa msururu huu ni mvamizi. Katika Bulyanhulu, iliyokuwa wilaya ya Kahama, wachimbaji wadogo walikuwa wakifanya kazi kwa miaka mingi kabla ya mgodi mkubwa. Mwezi wa Julai 1996 waliamriwa waondoke, na mwezi uliofuata mashimo yakafukiwa. Yalitolewa madai kwamba walikuwamo watu ndani. Serikali na kampuni ziliyakana. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2001. Hata madai yakiwekwa kando, jambo moja la lugha halikanushiki: waliokuwa wachimbaji mwezi Juni walikuwa wavamizi mwezi Agosti, nao hawakuwa wametoka mahali walipokuwa. Aliyetembea ni mpaka. Kule Nyamongo, mwezi wa Mei 2011, polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano waliosemwa kuwa walivamia mgodi kutafuta mawe yenye dhahabu. Neno mvamizi ladai aliyetoka nje akaingia ndani. Ni nani hasa aliyetoka nje, ni swali ambalo neno hilo hulifunga kabla halijaulizwa.

MWENYEJI NA MWENYE SHAMBA

Mijadala ya mataifa juu ya mambo haya huwataja watu wa asili. Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za watu hao. Tanzania ililiunga mkono, Kenya haikupiga upande wowote. Tanzania, hata hivyo, imeshika msimamo kwamba raia wake wote wenye asili ya Afrika ni watu wa asili, na kwamba kuwatenga baadhi ni kuligawa taifa. Wahadzabe na Wamasai, ambao maisha yao hutegemea eneo kubwa lisilo na alama ya jembe, wana sababu nzuri ya kuuona msimamo huo kuwa mzito kwao. Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 2010 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Waendorois wa Ziwa Bogoria zilikuwa zimevunjwa, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwamo leseni ya kuchimba rubi katika ardhi yao. Mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya ilitambua ardhi ya jamii. Walakini Katiba hiyo pia iliyaweka madini yote katika ardhi ya umma. Kwa jina la kijiji au kwa jina la jamii, tabaka la chini limebaki palepale.

Kiswahili kina neno lake katika mjadala huu, nalo ni mwenyeji. Laonekana kuwa ni mwenye na mji vikiunganishwa: mtu mwenye mji. Uenyeji haupimwi kwa damu wala kwa wingi wa vizazi, bali kwa kuwa na makao na kuyatunza. Msukuma aliyehamia Geita miaka arobaini iliyopita, akafyeka, akalima na kuzika, ni mwenyeji. Wala hahitaji kuthibitisha kwamba babu yake wa kumi alikuwapo. Na kila mwenyeji ana mgeni wake. Methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni katika methali hiyo hupimwa kwa hali ya mwenyeji: kama hakupona, mgeni hakufanya kazi ya mgeni. Sheria haina neno lenye masharti hayo. Ina mwekezaji, mwenye leseni, mkaaji, na mguswa wa mradi.

Ushahidi kwamba ardhi na kilicho chini yake vyaweza kusemwa pamoja hauko mbali. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa kanda ya ziwa kuna istilahi imara isiyotungwa na kamati yoyote. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara, yaani mwenye shimo, wapo wachimbaji, na yupo mwenye shamba. Mifuko ya mawe ipandapo kutoka chini hugawanywa, na mwenye shamba huwa na fungu lake, kwa kuwa shimo limepita katika shamba lake. Mgawo huo si wa usawa daima. Hauna ulinzi wa mahakama, na mwenye shamba aliye mnyonge, hasa mjane, huweza kupunjwa. Lakini kanuni iliyomo katika maneno ni safi: aliye juu ana fungu katika kilicho chini. Linganisha na neno magwangala, ambalo Geita huitwa mawe ya mabaki yatupwayo na mgodi mkubwa. Kwa miaka mingi wananchi waliyagombea, hata mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wapewe. Katika istilahi ya duara, mwenye shamba hupata fungu. Katika istilahi ya mgodi, mwananchi hupata makapi, nayo kwa agizo.

HITIMISHO

Haitoshi kusema kwamba maneno hayana nguvu mbele ya mitambo. Mitambo huja na karatasi, na karatasi ni maneno. Kazi ya kuzifasiri na kuzitunga upya sheria za Tanzania kwa Kiswahili ingali mbele, nayo itafanywa mara moja kwa muda mrefu. Neno litakalokaa humo litakaa vizazi. Kwa hiyo wataalamu wa lugha hawana ruhusa ya kukaa pembeni wakingoja kuulizwa juu ya tahajia.

Mambo matatu yafaa kudaiwa. Kwanza, kama sheria humpa mtu ukaaji, cheti chake kisiitwe milki. Au, lililo bora zaidi, kama cheti kitaendelea kuitwa hakimiliki, basi kipewe kitu cha milki, walau fungu lenye jina katika mrabaha utokanao na ardhi ile. Pili, ufafanuzi wa ardhi utoe neno isipokuwa mahali pake pa siri, uliweke mbele, lisomwe katika mkutano wa kijiji siku ya kugawa hati, ili mtu ajue anachopokea na asichopokea. Tatu, taarifa za miradi ziache kupisha na kushirikishwa, ziandike kuhamishwa, na ziandike kama ridhaa ilipatikana au haikupatikana.

Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomrudishia shamba aliyekwisha kuondoka. Lakini yule ambaye bado yuko, aliyeiweka hati yake sandukuni, ana haki ya kujua maana ya neno lililoandikwa juu yake. Sasa hivi hajui. Na waliolitunga neno hilo walikuwa wasemaji wa lugha yake.